Tangazo la Kifo Nililolitunga

Kwa wewe unayenisoma leo mara ya kwanza: mimi ni Noëlla, binti wa milima ya Masisi, mwenye diploma ya serikali na ulimi ambao marehemu baba alisema utanipeleka ama mbali ama kituo cha polisi. Nimemuua mtu. Simjui sura, sikuwahi kumpa mkono, na siku hizo ninazokusimulia hakuna aliyejua kama amekufa kweli.

Wengine mnanifahamu, kwa hiyo nafupisha. Nilikimbia Masisi nikaangukia Kalembe, kwa shangazi yangu Mama Françoise. Mchumba wangu Bienvenu akanikana, eti kuoa mwandishi ni kununua redio isiyo na kitufe cha kuzimia. Nikaanza kuandika katika gazeti hili hadithi ya kubuni juu ya wabeba mizigo wa migodi ya Rubaya, nikiituma kwa simu kutoka mgongo wa kilima ambako mtandao hushika ukipenda. Wiki iliyopita niliwaacha pale kilio kilipoanza ng'ambo ya njia, kwa Mama Thacienne, mjane aliyekimbia Rubaya. Niliuliza nani amekufa. Nikajibiwa: mwanawe, Nzabandora.

Nzabandora alikuwa mtu wa hadithi yangu. Nilimtunga mwenyewe, na nilimuua mwenyewe, katika toleo lililofika Kalembe asubuhi ile ile.

Aliyenieleza jinsi maiti yangu ya kubuni ilivyoingia katika uwanja wa jirani ni Akilimali. Mnamkumbuka: ana kibanda cha kuchajia simu, kibao cha umeme wa jua juu ya bati, nyaya zimening'inia kama matumbo ya mbuzi aliyechinjwa. Redio ya karibu ilinyamaza tangu vita viipitie, kwa hiyo watu wakingoja simu zao zijae, Akilimali huwasomea. Husoma habari. Husoma matangazo aliyotumiwa: fulani kafariki, fulani anatafutwa, ng'ombe mwenye doa kaonekana Mweso. Mwisho husoma hadithi yangu.

Siku hiyo hadithi yangu ilianza hivi:

"Familia ya Nzabandora, mbeba mizigo wa Rubaya, popote ilipo, inajulishwa kwamba mtoto wao hayupo tena. Mlima ulishuka. Alikuwa amekwisha kutoka, akarudi kumtua mzigo mwenzake aliyechoka. Anayelisikia tangazo hili amfikishie mama yake."

Najua ni zuri. Nililiandika nikiwa nimepiga magoti juu ya kilima, nikalifuta, nikaliandika tena mpaka likawa halina neno la kutoa. Mhariri wetu, Papa Damien, aliniandikia kwamba alilisoma akaacha chai yake ipoe. Jina nililiokota sokoni; Rubaya akina Nzabandora ni wengi kama maharage, na sikujua kwamba mmoja wao ni mwana wa jirani yangu.

Akilimali alilisoma mara tu baada ya matangazo ya kweli.

Nilimuuliza kwa nini hakusoma kichwa cha hadithi kwanza. Alikuwa amesimama mlangoni kwetu, kofia mkononi, akinitazama miguu.

"Dada Noëlla, bantu hawapende kichwa," alisema. "Banapenda nyama."

"Na ulipoona wanaondoka, ukanyamaza?"

"Tangazo ilisema mwenye kusikia amufikishie mama. Banamama balisikia, balienda kufikisha. Mi ningewashika namna gani? Unaandikaka muzuri sana, dada. Njo kosa yako."

Ndilo kosa langu. Ndivyo ilivyokuwa. Kabla hajafika kwenye aya ya pili, wanawake waliokuwa wakingoja simu walikwisha kujifunga vitenge na kushuka mbio. Nilikuwa nimewaamuru, nao walitii. Hakuna msomaji aliyewahi kunitii hivyo.

Akilimali alinishauri nikimbie. Nilicheka, kicheko kibaya. Nikimbilie wapi? Njia ya kurudi Masisi ilifungwa na mapigano. Njia ya kushuka Walikale ilikuwa na vijana wenye bunduki wanaokuuliza unakwenda kumfanya nini nani, na jibu lolote ni baya. Kalembe ilikuwa imebanwa kama koo la mtu anayesongwa, na mimi nilikuwa mate yasiyopanda wala kushuka.

Hata kisimani sikuweza kwenda, maana njia hupita mbele ya moto wa matanga. Shangazi ndiye aliyechota. Mimi nilikaa ndani, mlango umeegeshwa, nikisikiliza nyimbo za kumlilia mtu ambaye mama yake wa kwanza ni mimi.

*

Naomba niseme jambo moja juu ya kazi hii ya kuandika, kisha tuendelee.

Mwanzoni matusi yaliniua. Mtu aliyeko mbali, mwenye Kiswahili chake kilichopigwa pasi, aliniandikia kwamba sisi Wakongomani tunaandika lugha iliyovunjika miguu. Nilikataa kula. Shangazi akaniita nje tuchambue maharage, akaniambia nimsomee tusi lile kwa sauti. Nikamsomea. Akaokota punje mbovu, akaitupa.

"Mwambie imevunjika miguu," alisema, "lakini njo inapanda huku milimani. Yake iko na miguu mizima, ifike basi."

Tangu hapo ukawa ndio mtindo wetu. Kila tusi lililoingia simuni nililisoma hadharani juu ya ungo. Aliyeniita malaya nilimsahihisha herufi kubwa. Aliyesema nimwachie kazi hii mwanamume nilimsoma kwa sauti ya mwanamume, shangazi akacheka mpaka ungo ukamwagika. Nikaota ngozi ngumu. Nilijivunia ngozi ile kuliko diploma.

Sasa ng'ambo ya njia mwanamke analia, na ngozi yangu haifai kitu. Tusi hugonga kutoka nje, nawe unafunga. Kilio kile kilikuwa kimeingia kabla sijafika mlangoni.

*

Siku iliyofuata akaja Hakorimana.

Huyu ni mdogo wa marehemu mume wa Mama Thacienne, yaani baba mdogo wa Nzabandora wa kweli. Alihamia Kalembe zamani, ana mashamba, ana nyumba ya bati yenye veranda. Thacienne alipokimbia Rubaya alifikia kwake. Na sisi pia, kwa namna yetu, tuko kwake: kiwanja cha nyumba ya shangazi na shamba lake la maharage ni mali ya Hakorimana, aliyemruhusu kulima kwa neno la mdomo tu.

Alikuja na wazee wawili. Alikataa kiti, kisha akakikubali. Aliongea kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha.

"Mama Françoise, hatukuye hapa kwa kugombana," alisema. "Mutoto alikosa. Mutoto atengeneze."

Alieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mgeni njia. Moto wa kilio ukiwashwa kwa habari ya bongo, yaani ya uongo, hauachwi ukajifia. Aliyeleta habari huletwa mbele ya watu akauzima kwa maji, kwa mkono wake, na kusema kwa kinywa chake: nilidanganya, munisamehe. Na kile kilichobeba habari huingia katika majivu. Zamani mtu aliyepiga ngoma ya kifo cha uongo, ngoma yake ilichomwa. Sasa ngoma ni simu.

"Telefone yangu?" niliuliza.

"Ile iliyoandika."

"Na ya Akilimali, iliyosoma?"

Mzee mmoja alikohoa. Hakorimana hakubabaika.

"Kwa Akilimali njo tunachajiaka."

Hata mimi nilitaka kucheka. Kisha akamalizia. Nitaapa mbele ya wote kwamba sitaandika tena, si gazetini, si popote, maana kinywa kilichomlilia mtu aliye hai kimekwisha kuonja kifo na kitakitafuta tena. Itakuwa Jumapili baada ya misa. Nikikataa, shangazi atoe mikono katika shamba lake na aondoe nyumba yake katika kiwanja chake, na Mungu atatuonyesha njia.

Njia gani, hakusema. Sote mle ndani tulijua zote mbili zimefungwa.

Walipoondoka shangazi aliegesha mlango. Kisha aliniambia nitaomba msamaha, na nitaomba vizuri, kwa magoti ikibidi. Kinywa hakilipiwi, alisema. Pumzi inatoka, inaingia nyingine. Nikamuuliza juu ya simu. Akasema simu ni plastiki. Nikamuuliza juu ya kiapo. Alichukua jembe akatoka.

Sikumlaumu. Mwanamke huyu alinipokea nikiwa na kanga moja na diploma katika mfuko wa plastiki. Hakuwahi kunihesabia kijiko. Kama bei ya maharage yake ni mimi kunyamaza, basi ninyamaze. Wasichana wangapi wananyamaza, na jua linachomoza?

Nikaanza kutunga maneno ya kuomba msamaha.

Yalikuja mazuri mno. Niliyapanga, nikayapunguza, nikapata mahali pa kuvuta pumzi na mahali ambapo wanawake wangefuta macho. Nilipoyasema peke yangu nilijisikia nimeyapenda, na nikajichukia papo hapo. Nilikuwa naenda kuzika uandishi wangu, na bado nautafutia nguo nzuri.

*

Jumamosi asubuhi niliona kwamba siwezi kumwacha Mama Thacienne ayasikie maneno yangu mara ya kwanza mbele ya umati. Huyo tu ndiye niliyekuwa na deni la kumtazama usoni.

Nikachuma sombe, majani ya mihogo, maana huendi penye msiba mikono mitupu, nikapita nyuma, katikati ya mihogo, mpaka jikoni kwake. Wanaume walikuwa mbele, motoni. Alikuwa peke yake, ameketi juu ya mkeka, kichwa kimenyolewa, kidogo kuliko nilivyodhani.

Nikapiga magoti. "Mama, mi njo Noëlla. Mi njo niliandika."

"Ninajua," alisema. "Leta ile sombe."

Nilimpa. Akaanza kuchambua majani, mabua huku, majani huku. Nikamwambia yote bila madoido: kwamba ni hadithi, kwamba simjui mwanawe, kwamba sijui yuko wapi, kwamba kesho nitasema hivyo mbele ya watu na kuzima moto. Nilipomaliza mikono yake ilikuwa haijasimama hata mara moja.

"Nilijua tangu siku ile," alisema.

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Banamama balinisomea mara ya pili. Tangazo inasemaka: amekufa, maziko kesho. Yako ilisema alirudi kwa kumutua mwenzake muzigo. Tangazo gani inaonaka roho ya muntu? Nikasema, hapana, hii ni muntu alikaa, alifikiri."

"Basi mama, unalia juu ya nini?"

Akaniangalia. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu.

"Juu hakuna mwenye alinipa ruhusa ya kulia mpaka siku ile."

Alinieleza kwa sauti ya chini, akiendelea na majani. Nzabandora alikimbia Rubaya pamoja naye. Alifika hapa Kalembe mzima. Alikula, alilala, alimcheka mama yake kwa kubeba sufuria kubwa kuliko mtoto. Kisha Hakorimana akamwita verandani. Kule Rubaya, akamwambia, nimeficha gunia langu la mawe ya madini, coltan safi, na wewe kijana una mgongo na unajua njia za miguu. Nenda, ulete, urudi.

Hakurudi. Mvua zilikuja, zikaenda, zikaja. Kila Thacienne alipofungua kinywa alie, shemeji yake alimkataza: usimulilie mutoto muzima, utamuua. Akameza. Alibaki na kilio tumboni kama mimba iliyopita miezi yake.

"Halafu wewe ukasema," alisema. "Nikasikia mlango inafunguka. Nikatoka mbio."

Nikamuuliza kwa nini shemeji yake ana haraka ya kuzima moto. Hapo ndipo niliposikia jambo ambalo, mimi wa diploma, sikuwa nimelifikiria. Katika matanga yao, kabla watu hawajatawanyika, wazee huuliza kifo kilitoka wapi. Huulizwa hadharani: alikuwa wapi, alikwenda kufanya nini, nani alimtuma. Na aliyemtuma lazima asimame.

Siku ya kuuliza ilikuwa Jumapili jioni. Hakorimana alitaka moto uwe umekwisha kuzimwa baada ya misa. Na maji yake ya kuzimia yalikuwa mimi.

"Usizime," alisema Thacienne.

"Mama, wakiniuliza kama ni bongo?"

"Bongo ni ile ananiambiaka kila asubuhi, eti mutoto iko njiani. Yako ni hadithi. Mi ninajua tofauti."

"Na kama siku moja atarudi muzima?"

"Akirudi, atakula."

Nataka niungame hapa yaliyokuwa moyoni mwangu, kwa kuwa gazeti hili nililiahidi ukweli. Nilimkasirikia. Nilikwenda kwake nikitafuta ruhusa ya kukata tamaa, naye akanipa kazi. Ilikuwa rahisi kwake kusema usizime. Si yeye atakayefukuzwa. Alikuwa na msiba wake, mimi nilikuwa na shangazi. Nilitamani ngozi yangu ya zamani, ile ya ungo na maharage, niivae mpaka masikioni nisisikie.

Lakini ngozi ya namna hiyo ndiyo hasa ngozi ya Hakorimana. Kila asubuhi alimwona mwanamke yule akimeza, naye akanywa chai yake verandani. Haikumpenya. Kama huko ndiko kukomaa, mimi sitaki kukomaa.

Nilitazama tena mikono ya Thacienne. Alikuwa analia sasa, machozi yanadondokea kwenye ungo, na majani yalikuwa yanaendelea kuchambuliwa, moja moja, hakuna bua lililopita. Nikachukua fungu langu nikamsaidia. Tulimaliza yote.

*

Nilimweleza shangazi yote. Kwanza aliniita majina ambayo mhariri hatayachapa. Alisema mama yangu alinizaa kwa upande wa ulimi. Aliniuliza kama hadithi huchemshwa, kama huliwa na chumvi. Alisema Thacienne ana shemeji, mimi nina shangazi, kila mtu na mtu wake.

Kisha akachukua kikapu, akatoka. Nilipomfuata nilimkuta shambani, ameinama, anang'oa maharage. Yalikuwa bado mabichi. Maganda yalikuwa bado laini, punje ndani kama meno ya mtoto. Alikuwa akiyang'oa na mashina yake, mstari baada ya mstari, kabla mwenye shamba hajamnyang'anya.

Hakuniangalia. Sikuthubutu kumuuliza kama hilo ndilo lilikuwa jibu lake. Niliinama nikang'oa naye.

*

Jumapili baada ya misa uwanja ulijaa. Waliokuja kulia walikuja, waliokuja kutazama walikuja zaidi. Akina mama wa kibanda cha simu walijipanga mbele, hodari kama mashahidi. Moto ulikuwa gogo moja nene linalovuta moshi. Thacienne alikaa upande wa wanawake, na mkeka wake ulikuwa na nafasi kila upande.

Hakorimana alinipa kibuyu cha maji mkononi, kwa heshima, kama mtu anayekupa mtoto wake umbebe. Akanyoosha mkono wa pili kwa ajili ya simu. Nikaishika simu kifuani. Akasema tutaanza na kinywa basi, simu itafuata. Akaniambia nifuatishe maneno yake: mimi Noëlla nilidanganya.

Nilifungua kinywa. Yale maneno yangu mazuri ya msamaha yalikuwa pale pale, yamejipanga, yananingoja.

"Nzabandora alifika Kalembe muzima," nilisema. "Alikula. Alilala. Alimucheka mama yake juu ya sufuria kubwa. Halafu akatumwa."

Hakorimana alisema kwamba hayo si maneno yaliyokubaliwa. Akaniambia nirudie yake. Nikarudia yangu, na neno la mwisho nililisema polepole ili lisimpite mtu: akatumwa.

Mmoja wa wale wazee waliokuja kwetu, yule wa kukohoa, aliinua uso.

"Akatumwa na nani?"

"Wakati ya kuuliza haijafika," alisema Hakorimana.

"Ninasikia kama imefika," alisema mzee. "Mutoto alitumwa na nani?"

Hapo hapo watu wa nyuma wakaanza kusukumana. Akilimali alikuwa anapenya, simu juu ya kichwa kama anayevuka mto, jasho limemlowesha, akiomba njia, akiomba samahani, akikanyaga miguu ya akina mama. Alikuwa ametoka mgongoni mwa kilima. Mtandao ulishika kidogo. Kulikuwa na ujumbe wa sauti kutoka Rubaya, namba ngeni, na chini yake maneno machache: kwa mama ya Nzabandora.

"Sauti ya nani?" Hakorimana aliuliza.

"Sijuwe. Haijashuka. Inazunguka tu."

Alitugeuzia kioo. Kile kiduara kilikuwa kinazunguka, kinazunguka. Huku chini mtandao ni wa kuomba.

Nilimtazama Thacienne. Alikuwa amesimama. Sijui uso ule niuite nini, na mimi maneno ndiyo kazi yangu. Hakusogea mbele, hakurudi nyuma. Mkono mmoja ulikuwa juu ya kichwa chake kilichonyolewa, kana kwamba amekumbuka ghafla kwamba hana nywele.

Hakorimana alikuwa wa kwanza kupata sauti. Uso wake ulifunguka. Aliwageukia watu akawaambia wameona wenyewe: mtoto yuko hai, anatuma salamu, na hawa wamemlilia, wamemnyolea mama yake kichwa, wamemwashia moto. Nani atakayeitoa laana hii? Akanigeukia. Upole wote ulikuwa umemwisha.

"Omba musamaha sasa. Kabla ile sauti haijasikika. Ikisikika na wewe hujaomba, hata mimi sitaweza kukulinda."

Watu wakanung'unika kwamba ni kweli, aombe. Wale akina mama walioshuka mbio kufikisha tangazo langu ndio waliopaza zaidi. Mtu alinisukuma bega. Maji ya kibuyu yakanimwagikia miguuni.

Nyuma yao nilimwona shangazi. Alikuwa na kikapu cha maharage mabichi kichwani na godoro limefungwa mgongoni. Hakunipa ishara yoyote. Alikuwa amesimama tu kama mtu anayesubiri kuambiwa safari ni upande gani.

Nikaweka kibuyu chini, mbali na moto.

"Ikisikika, kama ni yee," nilimwambia Hakorimana, "atatuambia yee mwenyewe nani alimutuma."

"Nimesema omba musamaha."

Ungeniuliza wiki iliyopita, ningekuambia mwandishi mzuri hujua kuomba msamaha vizuri. Lakini nikiomba, basi machozi ya mwanamke yule yalikuwa kosa. Nikiomba, kesho atarudishiwa kilio chake akimeze tena, na atakayemshikia mdomo ni mimi.

Kiduara kikasimama. Akilimali akasema, kwa sauti ndogo, kwamba imeshuka. Kidole chake kikabaki hewani, akitutazama mmoja mmoja, nani atamwambia abonyeze.

"Siombe musamaha," nilisema. "Akiwa amekufa, siombe. Akiwa muzima, siombe."